Mtungi wa Kwanza wa Nthenya Ndululu

Dada yetu Nthenya Ndululu, ambaye watu wa Kibera walimjua kama Mama Collins, alizaliwa tarehe 9 Septemba 1953 hapa hapa Mutomo, wilaya ya Kitui. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Ndululu na marehemu Mama Syokau. Alizaliwa jua likiwa utosini, ndiyo maana akaitwa Nthenya, jina ambalo kwetu hupewa msichana aliyezaliwa mchana. Mimi ni Nduku, kitinda mimba wa nyumba hiyo. Familia imeniomba niandike na kusoma maisha yake kwa sababu, wanasema, mimi ndiye mwenye mdomo. Sikatai.

Wageni watakaovuka mto Tiva kuja kwenye mazishi haya watauliza mto wenyewe uko wapi, kwa maana wataona mchanga tu. Maji yako chini. Sisi tulilelewa kwa kuyachimba, unafukua mchanga mpaka unafika kiunoni, kisha unakaa na kungoja maji yajikusanye polepole kwenye shimo. Mama yetu alikuwa na sheria yake pale mtoni, na hakuna mtoto aliyethubutu kuivunja. Ukiwa unachimba na mtu akakukuta, kata ya kwanza ni yake, hata kama humjui, hata kama humpendi, kwa sababu yeye ametoka mbali. Wewe unayechimba utangoja, wewe uko nyumbani. Sisi wengine tulitii kwa kununa. Nthenya aliipenda sheria hiyo tangu akiwa mdogo, na maisha yake yote yaliifuata.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962. Siku hizo kila mwanafunzi alikwenda shuleni na kibuyu cha maji ya kupikia uji na kunyunyizia sakafu ya darasa. Nthenya alifika mara nyingi na kibuyu kitupu. Mwalimu akimuuliza, alijibu kwamba amekutana na mchungaji wa mbuzi njiani, au bibi mmoja aliyekuwa akienda sokoni, akawanywesha. Alichapwa, na kesho yake alifika tena na kibuyu kitupu. Mwishowe mwalimu alichoka kuchapa, akamwamuru awe anakuja na vibuyu viwili, kimoja cha shule na kimoja cha njiani. Alimaliza darasa la saba mwaka 1968 na akafaulu, lakini karo ya sekondari haikupatikana. Hilo lilimuuma, na alihakikisha mimi nimesoma.

Mwaka 1974 alikwenda Nairobi kwa shangazi yetu aliyekuwa amepanga chumba Sarang'ombe, Kibera. Alifanya kazi katika kiwanda cha biskuti, na kiwanda kilipopunguza watu akawa anafua nguo katika nyumba za Ayany. Alikuwa akisema kwamba Ayany ndiko alikojifunza hasira. Huko alisuuza mashuka kwa maji ya bomba yanayomwagika tu, kisha akivuka barabara kurudi kwake anakuta watoto wamekaa na mitungi kwenye foleni tangu asubuhi, na bomba linatoa hewa.

Foleni hiyo ndiyo iliyompa mume. Kwa wasiojua, Kibera watu hawapangi foleni ya maji kwa miguu. Unaupanga mtungi wako wa plastiki, unaenda kwa shughuli zako, na mtungi unakushikia nafasi. Kila mtu huutia wake alama. Nthenya alifunga uzi mwekundu wa sufi kwenye mkono wa mtungi, na bila yeye kujua, fundi wa viatu kutoka Machakos aitwaye Musau Nzomo naye alikuwa amefunga uzi mwekundu kwenye wake. Siku moja mwaka 1976 Musau alibeba mtungi wa Nthenya uliojaa, akaondoka nao. Nthenya alimfuata kwenye vichochoro akipiga kelele za mwizi. Musau alishikilia kwamba mtungi ni wake, mpaka Nthenya alipoufungua na kumwambia anuse. Wa Nthenya haukuwa na harufu yoyote. Walirudi, wakaunusa ule mwingine, ukanuka mafuta ya taa.

"Kwani wewe hunywa mafuta ya taa?" Nthenya alimuuliza mbele ya watu wote.

"Nilikuwa nimezoea," Musau alijibu.

Nthenya aliuchukua mtungi wa yule bwana akausugua kwa mchanga na maji moto mpaka harufu ikaisha. Walifunga ndoa kanisani tarehe 18 Desemba 1976, na Mungu akawajalia watoto wawili, Collins na Wanza. Musau alitangulia mbele ya haki mwaka 2003. Waliishi vizuri, na mpaka mwisho alikuwa akinusa kikombe kabla ya kunywa, ili kumchekesha mkewe.

Mwaka 1996 Nthenya na wanawake wenzake wa Sarang'ombe walianzisha kikundi cha Tuinuane, wakapata kibanda cha maji chao wenyewe. Kanisa moja liliwasaidia kununua tangi, na kibanda pamoja na msingi wa tangi vilijengwa na jirani yao Wabwire, fundi wa mjengo kutoka Busia, mume wa Kavetsa na baba yake Lavender. Kavetsa alikuwa rafiki mkubwa wa dada yangu, wale marafiki ambao mmoja akipika chapati, mwingine anaosha mikono. Nthenya ndiye aliyeshika ufunguo wa bomba kwa miaka yote hiyo. Kila asubuhi aliyanusa maji kabla hajawafungulia watu. Mabomba ya Kibera hupita kwenye mitaro ya maji machafu, na presha ikishuka uchafu huingia, halafu watoto wanaanza kuhara. Akisikia harufu, alifunga bomba hata watu watukane. Waliwahi kumtukana kutwa nzima, naye akakaa mlangoni akichambua maharagwe mpaka Wabwire akapata mahali bomba lilipopasuka, akaliziba na kuliinua juu ya mtaro.

Na mtungi wa kwanza wa kila siku haukuuzwa. Ulikuwa wa mtu aliyehamia mtaa karibuni, yule ambaye bado anauliza choo kiko wapi. Wengi wenu mlioko hapa mlionja maji ya Sarang'ombe kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtungi huo.

Mwisho wa Desemba 2007 mnaukumbuka, nami sina haja ya kuueleza. Baada ya matokeo ya kura kutangazwa, Kibera iliwaka. Maduka yalichomwa, barabara zikafungwa, na maji yakapotea kwa sababu mabomba mengine yalikatwa na mafundi hawakuthubutu kuingia. Tangi la Tuinuane lilikuwa bado na maji. Nthenya alifungua kila siku, akagawa kwa zamu bila kuuliza mtu ametoka upande gani. Kisha mwezi wa Januari mkubwa wa Wakamba alipatana na serikali huko juu akapewa cheo, na huku chini Wakamba wote tukaanza kuitwa wasaliti. Ijumaa tarehe 11 Januari 2008, saa za mchana, kundi la wanaume lilifika kibandani.

"Mama, hii maji ni ya watu wa hapa," mmoja alimwambia. "Chukua vitu zako uende kwenu."

"Kwetu ni wapi?" Nthenya aliuliza. "Mimi niko hapa kabla wewe uzaliwe."

"Kwenu unapajua. Usitufanye tukasirike."

Aliwatazama mmoja mmoja, na nyuma yao akamwona Wabwire. Wabwire hakuwa na rungu na hakusema neno baya. Hakusema neno lolote. Aliangalia gambuti zake mpaka dada yangu alipofunga bomba, akamkabidhi Kavetsa ufunguo, akachukua mfuko mmoja wa nguo na kuondoka. Nthenya aliniambia baadaye kwamba maneno ya wale vijana yaliingia sikio hili yakatokea lile. Kilichomchoma ni huyo mtu mmoja aliyenyamaza, kwa sababu ndiye aliyejua jibu la swali lake. Wabwire alikuwa amekunywa mtungi wa kwanza wa Nthenya mwaka ule aliokuja kutoka Busia, kabla hata kibanda hakijajengwa, Nthenya alipokuwa bado akitoa mtungi wake mwenyewe wa foleni.

Alitembea mpaka kwangu Kawangware, kwenye chumba changu karibu na Riruta Satellite. Alifika na vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilimpa maji, akayanusa kwanza, nikajua dada yangu bado ni mzima. Lakini usiku na mchana alikuwa akirudia jambo lile lile, kwamba amekaa Sarang'ombe zaidi ya miaka thelathini na kumbe hakuwa wa pale. Nilimwambia aachane nao. Niliwatukana kwa niaba yake, na Wabwire nilimtukana kwa Kikamba ili nisikose neno.

Kawangware nako hakukuwa salama, na maji hayakuwepo. Tulichota katika kisima cha kanisa lililowapokea waliokimbia makwao, na kwenye foleni ile watu waliulizana majina kwa sauti ya kutafuta kabila. Siku ya tatu alifika mama mmoja, Wangoi, ambaye nyumba yake ilichomwa Kibera na yeye akatoka na watoto tu. Wanawake walimwonyesha mwisho wa foleni. Nthenya alikuwa ameshajaza mtungi wake, akaubeba mpaka kwa Wangoi, akautua mbele yake. Kuanzia siku hiyo, bila kuchaguliwa na mtu, alipanga foleni upya, na aliyefika karibuni akawa anachota kwanza. Watu walilalamika.

"Sisi tumelala hapa wiki mbili!" mama mmoja alifoka.

"Ndio maana mtangoja," Nthenya alimjibu. "Nyinyi saa hii ni wenyeji."

Yule mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu afike, na akangoja. Mchungaji alipoleta dawa ya kutibu maji, Nthenya na Wangoi ndio waliokuwa wakiipima kwenye kila mtungi. Hakuna mtoto aliyeugua tumbo pale kanisani mpaka watu walipotawanyika, na hilo lilimpa furaha kubwa.

Mkataba wa amani ulipotiwa saini mwisho wa Februari, alianza kukunja nguo zake. Nilimwomba asirudi. Nililia hata. Aliniambia, "Nduku, nataka tu kuona kama nafasi yangu iko." Katikati ya Machi tulikwenda pamoja, maana singemwacha aende peke yake. Mabati ya kibanda yalikuwa yameng'olewa, bomba limekauka, na tangi limebaki juu ya msingi wake likiwa tupu. Chini yake ilikuwa foleni ndefu ya mitungi ikingoja maji ambayo hakuna aliyejua yatarudi lini. Na katikati ya foleni, nyuma ya mtungi wa Kavetsa, ulikuwa mtungi wenye uzi mwekundu.

Kavetsa alitoka nyumbani akikimbia, mikono imejaa unga. Kila walipoanza foleni upya alikuwa ameupanga mtungi huo pamoja na wake, na maji yalipopatikana mahali, aliujaza.

"Waliniuliza ni wa nani," alisema. "Nikawaambia ni wa mwenyewe, ameenda shughuli."

Dada yangu alikaa chini pale pale kwenye udongo, akaushika mkono wa mtungi, akalia kwa sauti. Mimi pia nililia, na sioni haya kusema.

Alirudi kuishi Sarang'ombe. Wanawake wa Tuinuane walihangaika ofisi kwa ofisi mpaka maji yakarudishwa mwezi wa Aprili, wakafungua kibanda kisicho na kuta. Wabwire hakuonekana. Alikuwa akizunguka mbali kununua maji kwa wenye mikokoteni ili asipite mbele ya bomba alilolijenga kwa mikono yake. Kavetsa alimsema nyumbani mpaka akachoka. Halafu asubuhi moja Wabwire alikuja mwenyewe, akaupanga mtungi wake mwisho wa foleni, na kwa sababu ya aibu akabaki amesimama kando yake, jambo ambalo mtu wa Kibera hafanyi. Nthenya alimwona. Aliujaza mtungi wa kwanza wa siku ile, akaubeba akipita foleni nzima, akautua miguuni pake.

"Mama Collins," Wabwire alisema, "leo mimi nimekuwa mgeni kwako?"

"Umekaa mbali sana, Baba Lavender," alimjibu. "Kunywa kwanza."

Walioshuhudia wanasema fundi alilia mpaka watu wakageuza nyuso. Nilipoambiwa habari hiyo nilikasirika. Niliona dada yangu amemsamehe mtu kwa bei rahisi mno. Aliniambia kwamba hajasamehe bado, amempa maji tu, na hayo mengine yatakuja yakitaka. Wiki iliyofuata Wabwire alisimamisha kuta za kibanda, bila kuombwa.

Afya ya dada yetu ilianza kudhoofika mwezi wa Juni mwaka huu. Miguu ilivimba, presha ikapanda, na hospitali wakatuambia kwamba figo zimechoka. Katika ugonjwa huo mgonjwa hukatazwa kunywa maji mengi. Mungu ana mambo yake, na hili nitamuuliza siku tutakapoonana. Mwanamke aliyenywesha mtaa mzima akawa anapimiwa maji kwa kijiko. Hakunung'unika sana. Alimtania muuguzi kwamba hata mto Tiva una huruma kuliko yeye. Midomo ilipokauka, Wanza alimpangusa kwa kitambaa kibichi. Kavetsa alikuja kila Jumapili. Mara mbili Wabwire alikuja naye, akasimama mlangoni mwa wodi na kofia mkononi, na mimi sikumkaribisha kiti.

Jumatatu tarehe 13 Oktoba, wakati wa kutembelea wagonjwa, walileta mama mwingine kwenye kitanda cha pili, mtu wa kutoka mbali ambaye jamaa zake hawakuwa wamefika. Muuguzi alipokuja na kijiko, Nthenya alitikisa kichwa na kunyoosha kidole kule kitandani. Muuguzi aliguna, lakini alikwenda akamnywesha yule mama kwanza, ndipo akarudi. Kesho yake, Jumanne tarehe 14 Oktoba 2008, saa tatu asubuhi, dada yetu alitutoka kwa utulivu, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Wanza. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Ameacha watoto wawili, Collins na Wanza, wajukuu watatu, kaka yetu Mutinda, mimi mdogo wake, shemeji na wapwa, dada zake wote wa kikundi cha Tuinuane, na rafiki yake Kavetsa, ambaye familia imekubaliana aandikwe humu pamoja na ndugu.

Karatasi mliyonayo mikononi inaishia hapo. Haya mengine nayaongeza kwa mdomo, mchungaji ataniwia radhi.

Mmeona kwamba boza la maji tulilokodi kwa ajili ya mazishi haya halikufika. Limeharibika njiani, na mvua ya Kitui mnajua bado. Alfajiri kaka Mutinda aliwachukua wanaume wakashuka mtoni na majembe. Jua lilipochomoza nilikwenda na kata ya kibuyu, ile ile ya mama yetu, kumpa mgeni maji ya kwanza kama inavyotakiwa. Na njiani nilikuwa nimeamua. Nilisema, dada yangu aliweza, na mimi nitaweza. Nitampa Wabwire. Yeye ndiye ametoka mbali kuliko wote, kwa kila njia, na nitamwita mgeni wetu mbele ya watu, na moyo wangu utulie.

Nilitafuta kwenye kundi la wageni waliokaa kivulini sikumwona. Nikaangalia shimoni. Alikuwa humo, shati amevua, mchanga umemfika kifuani, anachimba na kumpa Mutinda ndoo, na walikuwa wakifundishana matusi ya Kikamba na ya Kisamia cha kwao Busia.

"Baba Lavender!" nilimwita. "Toka huko uje unywe. Wewe ndiye mgeni wetu wa mbali."

Aliinua kichwa, akajifuta jasho.

"Mimi si mgeni, Nduku. Si unaona nachimba?" alisema. "Peana kwa hao wageni kwanza. Mimi nitangoja."

Basi nilimpa Wangoi, aliyesafiri kutoka Kawangware na watoto wake. Kisha nikawapa nyinyi wengine wote, na mmekunywa. Wabwire alingoja pamoja na kaka yetu, akanywa wa mwisho, maji yenye mchanga ya chini ya shimo, na mimi ndiye niliyemshikia kata.

Nthenya, uliuliza kwenu ni wapi, na yule mtu aliyekaa kimya amekujibu leo. Pumzika kwa amani mikononi mwa Bwana, dada yangu. Foleni imefika mwisho, na wote wamekunywa.